Historia ya Dada Yetu Rodah Nabalayo, Aliyeoka Vifaranga Sita

Mchungaji wetu, wakwe zetu kutoka Bahati, majirani wa Section 58 na nyote mliokuja kutusitiri, mimi ni Peterson Khisa, ndugu mdogo wa marehemu, na nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu. Kuna sehemu ambayo wazee waliniomba niiruke, lakini mume wake, Naftaly, ameniambia asubuhi hii, "Soma yote, shemeji," kwa hivyo nitasoma yote.

Rodah Nabalayo alizaliwa tarehe 12 Machi 1984 katika nyumba za reli hapa Nakuru, ambako baba yetu alikuwa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi papo hapo na ya upili kule Bahati, kisha akafanya kazi ya kupanga maua ya waridi katika shamba moja la Naivasha, akiishi Karagita, hadi alipojifunza upishi na kuanza kuoka keki za kuuza.

Mwaka wa 2009 alifunga ndoa na Naftaly Maina, na tarehe 3 Juni 2011 wakajaliwa binti, Shantel Wangare, mtoto wa kuchekacheka, aliyependa kuonja unga mbichi kwa kidole, ambaye homa ya mapafu ilimchukua tarehe 20 Agosti 2015.

Mwaka uliofuata Rodah alinunua trei ya silikoni ya kuokea keki, ile laini inayokunjika kama kitambaa, yenye vishimo sita vya umbo la kifaranga, na tangu siku ya kwanza, kila alipoipindua, vifaranga watano walitoka wazima na wa sita alitoka amemegwa kichwani. Naftaly alidhani ni panya, akaketi mchana mzima mbele ya kioo cha oveni, akaona keki zikiumuka na kuiva bila kuguswa, lakini trei ilipopinduliwa, wa sita alikuwa ameumwa. Jirani yetu Adongo, ambaye ni nesi, aliiangalia ile alama akasema polepole, "Mama Shantel, haya ni meno ya mtoto," na wakati huo hapakuwa na mtoto nyumbani.

Naftaly aliogopa, akaipeleka trei kwa binamu yake Tabby kule Karagita, na kwa Tabby vifaranga wote sita walitoka wazima, lakini dada yangu aliacha kula, akakonda hata nguo zikampwaya, akawa anamwambia mume wake neno moja tu, "Umemnyima." Mwishowe Naftaly mwenyewe alipanda boda boda akairudisha, na toka siku hiyo Rodah aliuza watano, wa sita akamweka kwenye kisahani mezani.

Mwaka wa 2018, wakati Shantel angekuwa na miaka saba, ile alama ilikuja na pengo mbele, na mwaka uliofuata, alipozaliwa mdogo wake Mitchelle, pengo lilikuwa limejaa meno mapana, na mimi niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka jana Rodah aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025 alioka mara ya mwisho, nikiwa jikoni naye, akapindua trei, vifaranga wote sita wakatoka wazima, akawatazama kwa muda, akaniambia, "Peterson, leo hajala. Ananingoja tukale pamoja." Nikamwambia, "Usiseme hivyo, dada," naye akacheka, akaniomba nimpikie chai. Alituacha tarehe 9 Septemba, Naftaly akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhangaikia, Adongo aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake, kina mama wa chama chake, na majirani mliobeba maji, kuni na machozi yetu. Mitchelle, mwanangu, simama watu wakuone, hawa wote ni wako.

Dada, siwezi kukuaga peke yako, maana najua uko na nani. Shantel, mama amefika. Pumzikeni kwa amani.