Maswali Yetu Kabla Mama Aregash Hajanunua Hisa

Mgeni rasmi, Weizero Alganesh, msajili wa kampuni wa mkoa. Waheshimiwa wa meza kuu. Na ninyi mliofunga maduka mapema: karibuni Debre Markos. Kahawa iko jikoni, msituondokee kwenye kikombe cha kwanza, kwetu huwa vitatu.

SISI NI NANI

Sisi ni akina mama wa chama cha kufa na kuzikana, mtaa wa sokoni. Tuna hema, masufuria na mabega ya kuliliana. Kwetu mtu akija msibani haulizwi ametoka wapi. Analia, anapewa ngano ya kuchemsha, basi, ni wetu.

MAFANIKIO

Mwaka huu tumemzika vizuri mume wa Mama Aregash, muuza vitambaa. Aliyelia kuwashinda wote ni Bwana Kinfe. Sisi tulidhani ni ndugu wa marehemu. Ndugu walidhani ni mtu wa chama.

CHANGAMOTO

Arobaini ilipopita, Bwana Kinfe akaanza kuuza hisa za kiwanda cha mafuta ya kula ambacho, anasema, kitajengwa nje ya mji. Ni za watu wa karibu tu, na mwisho wa kununua ni kesho asubuhi. Mama Aregash ameuza duka la marehemu ili anunue. Tulipomwambia amdai leseni, alitukodolea macho.

"Hee! Mtu aliyemlilia mume wangu mpaka sauti ikakauka, nimwambie lete karatasi? Hamna haya nyie?"

Mwekahazina wetu, Zewditu, akamjibu, "Shoga, kulia hata mimi najua. Kiwanda kiko wapi?"

Tangu hapo hawasemeshani, na inatuuma sana.

Kusema kweli, hata sisi hatujui, na hamu ya kujua inatunyima raha. Kampuni yenye faida nono kama anavyoahidi Bwana Kinfe inamtafutia nini mjane? Kwa nini pesa ziingie kwenye simu ya Bwana Kinfe, zisiende benki kwenye akaunti ya kampuni? Daftari la wanahisa analiweka nani, na mnunuzi ataliona jina lake humo? Siku akitaka kuziuza hisa, atamuuzia nani?

MAOMBI

Tunaomba kujua kama ofisi yako humwangalizia mtu iwapo kampuni imesajiliwa au la, kabla hajalipa.

Pia, Bwana Kinfe yuko hapa, wa tatu kushoto kwako. Nani kamwalika, hatujui. Tunaomba umuulize wewe, Mama Aregash akisikia, maana sisi akitutazama kwa yale macho ya msibani tunaishiwa maneno.

Mwisho, picha ya pamoja ipigwe baada ya majibu yake. Ana picha nyingi na wakubwa, na ndizo anazotuonyesha tukimwomba leseni.

Mungu akupe umri mrefu, mgeni wetu, na Mama Aregash alale leo akiwa bado na pesa zake.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kuzikana, Mtaa wa Sokoni, Debre Markos