Maisha ya Lenworth Ebanks, Ambaye Hakuvuta Asubuhi Ile

Lenworth Aldane Ebanks, ambaye wengi wenu mlimwita Gilbati, alizaliwa Jumatatu tarehe 12 Septemba 1988 hapa Comfort Gully, parokia ya St. Elizabeth, mtoto wa pili wa marehemu Vernal Ebanks na Bi Icilda Ebanks. Ni siku ile kimbunga Gilbert kilipopita Jamaika. Alizaliwa mchana, chini ya meza, paa likiwa limeshang'oka. Bati la jirani lilipita uani likamkata punda wao shingo, na Nesi Merlene aliyemzalisha mama yake alikuwa na damu ya punda na damu ya uzazi kwenye gauni moja. Ndiyo sababu ya jina Gilbati.

Tangu tarehe 3 Oktoba mwaka huu, 2019, imesemwa dukani, kisimani na hata kanisani kwamba aliendesha lori akiwa amelewa bangi, na kwamba waliompiga walikuwa na haki. Familia inawaomba msikilize mpaka mwisho, kwa sababu wasifu huu umeandikwa ili asizikwe na maneno hayo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1994. Hakuwa mtoto wa kugombana, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Akiwa darasa la nne alimpiga mwenzake ngumi, jino likatoka. Mwalimu alimchapa mkanda mpaka ukakatika. Jioni ile Lenworth alilifunga lile jino kwenye karatasi ya daftari, akatembea maili mbili hadi kwa mama wa yule mtoto, akalitoa mfukoni. "Nimelirudisha," alisema. "Sijui kulipachika tena." Mama yule alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa mkate wa muhogo na samaki wa kukaanga. Alimaliza sekondari mwaka 2005 na cheti cha ufundi wa magari.

Tarehe 14 Aprili 2007 alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, akiwa na miaka kumi na minane. Mfukoni mwa shati alikuwa na msokoto mmoja wa bangi. Siku zile msokoto mmoja ulitosha. Alipigwa kwa kitako cha bunduki, akapoteza meno mawili ya mbele na kuvunjika mbavu moja, akalala mahabusu siku tatu. Mahakama ilimhukumu, na kosa likaandikwa kwenye jalada lake. Alirudi nyumbani Jumanne, akaketi kizingitini akitema damu kwenye kopo, akamwambia mama yake kwamba hatavuta tena. Hakuvuta tena.

Mama yake hakumwamini. Kila jioni alipoingia, alimsimamisha mlangoni akamnusa kola, nywele na vidole.

"Mama, wewe ni mbwa wa polisi?"

"Mbwa wa polisi analipwa. Geuka."

Aligeuka. Alifanya hivyo miaka minane bila kununa.

Mwaka 2015 sheria ilibadilika. Mtu akaruhusiwa kubeba kidogo bila kufungwa, na kila nyumba kupanda miche mitano. Walisikia redioni, mama na mwana, wakiwa wanafunga vitunguu majani kwa ajili ya soko. Lenworth alimtazama mama yake kwa pembe ya jicho.

"Umesikia, Mama? Siku hizi ni ruhusa."

"Sheria imeruhusu. Mimi sijaruhusu."

Kwake yeye faida ya sheria ile ilikuwa moja: lile kosa la mwaka 2007 lilifutwa kwenye jalada. Alipopata hati safi alifanya mtihani wa leseni ya magari makubwa, na tarehe 6 Juni 2016 Bwana Hylton alimwajiri kuendesha lori la maji. Mnajua ukame wetu. Mnajua nani alifika Februari na Machi, mapipa yakiwa matupu, na nani alivuta mpira wa maji hadi jikoni kwa Bi Dassa kwa sababu miguu yake haimfikishi barabarani.

Wapo madereva waliodhani sheria ya kubeba ndiyo sheria ya kuendesha. Walivuta bangi usukani ukiwa mkononi, wakapungia polisi. Lenworth hakuwa mmoja wao. Mwenzake Bagga, aliyefanya naye kazi miaka mitatu na ambaye yupo hapa leo, aliwahi kuwasha msokoto ndani ya lori.

"Shuka," Lenworth alimwambia.

"Gilbati, ni ruhusa bwana. Una nini?"

"Ni ruhusa huko chini. Humu nina tani kumi za maji mgongoni, na mlimani zinasukuma. Shuka uvute, ukimaliza nitakuchukua nikirudi."

Alimwacha kwenye jua kwa saa mbili. Bagga mwenyewe ndiye aliyetuambia, naye aliomba iandikwe.

Alifunga ndoa na Tamoya Powell katika kanisa hili tarehe 18 Februari 2017. Tamoya alikuwa amemkataa mara mbili kwa sababu ya lile pengo la meno. Mara ya tatu alimwambia, "Basi usicheke kwenye picha." Lenworth alicheka kwenye kila picha. Mungu aliwajalia binti mmoja, Abrielle, tarehe 9 Novemba 2017.

Sasa ni kuhusu ugonjwa. Wiki ya mwisho ya Septemba alipata mafua makali yaliyomshuka kifuani, na Jumatano alikohoa kutwa. Alhamisi tarehe 3 Oktoba, kabla ya kwenda kazini, alipita kwa mama yake kunywa chai ya tangawizi. Mama yake alisikia kifua kinakoroma akiwa bado uani.

Nyumba nyingi zilizowakilishwa hapa zina ile chupa. Ni ramu kali nyeupe iliyolowekwa majani ya bangi na mbegu za kiungo cha pimento, inakaa miezi mpaka inakuwa kijani. Hainywewi. Inapakwa magoti ya wazee, vifua vya watoto, kichwa kikiuma. Bibi zetu walikuwa nayo wakati watoto wao wa kiume walipokuwa wanafungwa kwa msokoto, na hakuna bibi aliyefungwa kwa chupa. Mama yake Lenworth aliitoa nyuma ya kabati.

"Hapana, Mama. Leo naendesha. Nitanuka."

"Kunuka si kulewa. Vua shati."

"Wakinisimamisha barabarani je?"

"Waambie mama yako amekupaka. Vua."

Alivua. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ana mke na mtoto, na alivua kwa sababu mama yake amesema. Alimpaka kifuani, mgongoni na shingoni, akamfunga flana juu yake ili joto lisitoke. Lenworth alisema inachoma. Mama yake akamwambia ndivyo inavyofanya kazi. Aliondoka saa moja na nusu.

Saa nane na dakika ishirini mchana, kwenye mteremko ulio chini ya shule, lori likiwa limejaa, mtoto Renae Senior wa miaka tisa alitoka nyuma ya gari lililoegeshwa akavuka barabara mbio. Lenworth alikata kona kuelekea ukingoni. Lori lilipanda tuta, tangi likapasuka, na kona ya bampa ikampata Renae mguuni. Mfupa ulitoka nje.

Lenworth aliruka chini. Paji la uso lilikuwa limepasuka na damu ilimwingia machoni. Alipiga magoti, akavua shati, akavua na ile flana, akaanza kumfunga mtoto mguu. Maji yalikuwa yanamwagika juu yao wote wawili, na harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ya ramu na bangi, kutoka kwenye ngozi yake.

Mtu mmoja alisema, "Mnuseni huyu. Amelewa na amevuta." Mwingine akasema, "Ndiyo sheria yao mpya hiyo, inatuulia watoto." Lenworth alisema, "Ngojeni nimfunge kwanza." Hawakungoja. Walimvuta kwa miguu. Walimpiga kwa mawe ya ukuta, kwa ubapa wa panga, na kwa kile chuma cha kwenye ncha ya mpira wake wa maji, mpira uleule uliowajazia mapipa. Bi Dassa alipiga kelele kutoka kibarazani kwake mpaka sauti ikamwishia. Mmoja wa waliompiga alikuwa amejaziwa pipa asubuhi hiyohiyo. Ilidumu dakika kama kumi. Bagga, aliyekuwa amebaki kwenye kituo cha kujazia, aliitwa, akaja akikimbia na wenzake, wakawatawanya.

Mama yake alifika wakiwa bado hawajampakia kwenye gari. Taya lilikuwa limehama na jicho moja halikuwepo. Alipoinama juu yake, harufu ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya chupa yake mwenyewe.

Hospitalini hakuna aliyempima damu kutafuta bangi. Walikuwa wanamtafutia damu ya kumwongeza. Alifariki Jumamosi tarehe 5 Oktoba, saa nne asubuhi, bila kuzungumza. Kwenye karatasi ya polisi kumeandikwa maneno matatu: dereva alinuka bangi. Vijana wanne wamekamatwa, na watetezi wao wameyashika maneno hayo.

Jumatatu mama yake alikwenda kituoni na ile chupa ndani ya mfuko. Koplo aliinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Kwa hiyo, Bi Icy, unataka niandike kwamba bangi ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Umepanda miche mingapi?"

"Mitatu. Mnaruhusu mitano."

"Na unajua watu watasema wewe ndiye uliyemuua mwanao?"

"Andika."

Aliandika. Mama yake ameweka sahihi, na ataapa mahakamani. Mchungaji alimshauri sehemu hii isisomwe leo. Tamoya, mke wa marehemu, alisema, "Isomwe, Mama. Ila usiniombe nikwambie si kosa lako, bado siwezi." Bi Icilda hamwombi.

Yupo shahidi mwingine. Renae alitoka hospitali wiki iliyopita. Amesema yule dereva alimwambia asiangalie mguu, ahesabu kwa sauti, na kwamba alizungumza vizuri, polepole, hakupepesuka, na mikono haikutetemeka akifunga. Renae alikuwa amehesabu hadi thelathini na saba walipomvuta. Mama wa Renae, Bi Paulette Senior, ameyasema hayo kwa polisi, na ameomba binti yake akae leo pamoja na familia.

Lenworth anaacha mama yake, Bi Icilda. Mke wake, Tamoya. Binti yake, Abrielle. Dada yake, Marcia, na mume wake. Mjomba wake Clovis, anayewasomea haya. Rafiki yake Bagga. Na Renae Senior, aliyeomba jina lake liwekwe hapa.

Waandaaji wa maiti walishauri sanduku lifungwe kwa sababu ya uso. Mama yake amekataa. Litabaki wazi, na mtapita mmoja mmoja kumuaga kama desturi yetu ilivyo. Renae amekaa benchi la kwanza, mguu wake umenyooshwa juu ya kiti, karibu na kichwa cha sanduku. Majina ya waliokuwepo barabarani siku ile hayakuandikwa humu. Wenyewe wanajijua, na wengine wamevaa nyeusi leo. Nao wapite. Wasimame, wamtazame usoni, kisha wamtazame mtoto, halafu watoke nje wakaseme walichokuwa wanasema.

Lenworth, mwanetu, pumzika. Umefika, na huna mzigo mgongoni.