Tivi ya Birika na Balbu ya Fundi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililovunjika mguu, likaegemezwa tofali, mbele ya kibanda cha fundi redio. Muuza kahawa wa hapo huitwa Birika, kwa kuwa birika halimtoki mkononi. Jioni hiyo lilimtoka, likaachwa kwenye jiko likichemka peke yake. Binti yake alikuwa anasoma habari kwenye tivi kwa mara ya kwanza, na tivi ya Birika, ile ya zamani ya kichogo, ilikuwa mezani imevuliwa mgongo. Fundi alishaitia fyuzi mpya na transista mpya ya pawa. Kwenye waya wa umeme akaunga balbu ya kulinda: kukiwa na shoti, iwake balbu, kisiwake kibanda. Lakini kila akiwasha, tivi ilipiga tik, tik, tik, ikazima. Na habari zilikuwa karibu kuanza.

— Fundi, inapumua? — Birika aliuliza.

— Inapumua. Haiamki tu.

— Tatizo ni hiyo transista, — alisema Wakili, ambaye kwa kweli ni kinyozi, ila kesi zote za mtaa huamuliwa kwenye kiti chake. — Mgeni njoo, mwenyeji apone! Haya, mgeni kaja, mwenyeji kapona?

— Mgeni nimempima, mzima.

— Basi ni wivu, — alidakia Breki, dereva mstaafu wa lori. — Vyuma vizee havipokei kijana. Lori langu nililitia gia boksi mpya, likagoma mpaka niliporudisha ile mbovu.

— Likatembea na mbovu?

— Tena kwa heshima!

— Jamani, mwanangu! — Birika alilia.

— Tulia, ndugu yangu, — alisema Wakili. — Mvumilivu hula mbivu.

— Zitaoza hizo mbivu! Akishamaliza kusoma nitavumilia nini?

— Sikilizeni, — Breki alisimama kabisa. — Umeme wa mtaa huu unapitia kwanza kwa Wakili. Mashine zake zinaunyoa, huku kwetu unafika kipara!

— Usinisingizie! Humo ndani mna mende. Kaoa, kazaa, ukoo mzima umekaa kwenye koili unakula umeme. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako!

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Fundi. Alikuwa ameikodolea macho balbu yake inayowaka na kuzima.

— Wakili, rudia.

— Mende?

— Wahenga!

— Kikulacho ki nguoni mwako.

— Masikini mimi, ni balbu yangu! Ndogo mno hii. Tivi inataka ibugie umeme kwa mkupuo ndipo iamke, balbu inailisha kwa kijiko. Tivi imepona zamani, mimi ndiye ninayeinyima!

— Itoe!

— Na kukiwa na shoti?

— Kibanda utajenga kingine! — alisema Breki, ambaye kibanda si chake.

Fundi akachomoa plagi, akatoa balbu, akaunga waya moja kwa moja, akafumba macho, akawasha. Moshi haukutoka. Ukasikika mvumo mwembamba, na taa nyekundu ya tivi ikatulia. Kijiwe kizima kikaruka kwa shangwe, benchi likaanguka. Kioo tu ndicho kilichobaki cheusi, maana kwenye tivi zile picha huja kioo kikishapata moto.

Mama mmoja mpita njia, aliyesimama kuagiza kahawa, akauliza:

— Anasoma chaneli gani?

Wakili akamtazama Breki, Breki akamtazama Fundi, kisha wote wakamgeukia Birika. Mtaa mzima alikuwa ameutangazia habari ya bintiye, na sasa aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Kila nikimpigia namuuliza kama amekula, — alisema. — La chaneli sikuuliza.

Hakuna aliyecheka. Spika ikakohoa, mwanamume akaanza kunadi sabuni. Birika akarukia kitufe. Mpira.

— Pita!

Muziki.

— Pita, pita!

Kisha ikaja sauti ya msichana, ikatetemeka kidogo mwanzoni, halafu ikanyooka. Birika akaondoa kidole.

— Ndiye.

— Utajuaje, na kioo bado giza?

— Nyamazeni!

Picha ikaja taratibu, kwanza ukungu, kisha mabega, kisha uso. Birika alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

— Amekula, — alisema. — Hiyo ni sauti ya mtu aliyeshiba.