Modest Gwandu Tarmo (1989–2025), Aliyeunganisha Vinanda vya Kwaya ya Gendabi

Modest Gwandu Tarmo alizaliwa tarehe 14 Mei 1989 kijijini Gehandu, wilaya ya Hanang, mtoto wa nne wa mzee Gwandu Tarmo na mama Monica. Utotoni aliugua koo na viungo mara kwa mara. Hakuna aliyejua kwamba moyo nao ulikuwa unaumia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Gehandu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007. Daftari zake za fizikia zipo mpaka leo, nyuma zimejaa michoro ya redio.

Mwaka 2010 alifungua kibanda cha fundi redio Gendabi, akaingia kwaya ya kanisa. Kwaya ilikuwa na vinanda viwili vilivyoungua spika, havitoi hata mlio. Modest akanunua moduli iliyotumika, boksi lenye sauti zote za muziki lakini halina pa kubonyeza, akasema ataviunganisha nayo kwa nyaya za MIDI, zile za kuunganishia vyombo vya muziki vya umeme. Mara ya kwanza alisokota nyaya mbili akaziingiza tundu moja. Kimya. Mwenyekiti wa kwaya, mzee Patriki, akamtania: "Mwanangu, umetuletea maiti mbili na jeneza lao?" Modest alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya wiki tatu alirudi kutoka Arusha na kiboksi cha kukusanya nyaya mbili kuwa moja, akakipa kila kinanda chaneli yake, namba ambayo moduli inakitambua kwayo. Vikalia vyote, kimoja ogani, kimoja filimbi.

Tarehe 2 Desemba 2017 alifunga ndoa na Zita Bura. Alipomtaka ajifunze kinanda cha pili, Zita alisema, "Mimi wa darasa la saba nitaweza wapi?" Akamjibu, "Kwani waya unauliza cheti?" Akamweleza kwamba waya ule haubebi sauti, unapeleka habari tu: kidole kimebonyeza, kidole kimeinuka.

Machi 2023 miguu ilianza kuvimba. Alipimwa hospitali ya Haydom, akaambiwa vali za moyo zimeharibika. Tangu hapo neno lake likawa moja: Zita aweze kuunganisha kila kitu bila yeye. Kila Jumamosi alikaa kwenye benchi akihema. "Chomoa zote. Anza upya."

"Baba Agustino, pumzika kidogo," Zita alimwomba mumewe.

"Bado. Umekosea chaneli."

Hata siku moja Zita hakumaliza bila kumuuliza.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2025, katikati ya ubeti wa tatu, Modest alianguka, mguu ukachomoa waya wa kinanda chake. Moduli haikupata habari kwamba kidole kimeinuka, ogani ikaendelea kulia, na kwaya ikaimba mstari mzima ikidhani bado anapiga. Mzee Patriki akaita, "Zita, zima hiyo!" Zita, mtoto mgongoni, akasema, "Ngoja kwanza watoke naye." Aliizima ogani baada ya gari lililombeba Modest kuondoka.

Modest alifariki Haydom Jumanne, tarehe 10 Juni, saa tatu asubuhi.

Ameacha wazazi wake, mke, watoto wawili, Agustino wa miaka sita na Sara wa miezi tisa, kaka yake Tito, dada wawili, na kwaya yake.

Jumatano, vinanda vilipoletwa hapa Gehandu kwa mazishi, Zita alichomeka nyaya zote. Akaweka ogani chaneli ya kwanza, akabonyeza, akainua kidole. Sauti ikanyamaza palepale. Hakumuuliza mtu.

Ameweza, Baba Agustino. Upumzike kwa amani.