Mgeni Aliyepanda Michungwa

Asalaam alaikum akina mama wa kikao hiki. Na ninyi ndugu zangu Wakristo, amani iwe kwenu. Wanaonijua wanajua mdomo wangu haukosi neno, lakini mbele ya watu wengi hivi sijazoea, mnivumilie.

Mimi ni wa kule Kwamsisi, Handeni. Hapa Makuyuni nimekuja kwa dada yangu, huyo anayenicheka hapo mbele. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa watu. Alikuja mgeni kuomba mahali pa kulima, akamwazima upande mmoja wa shamba. Desturi mnaijua: aliyeazimwa hulima mahindi, maharage, akavuna akaondoka. Hapandi mti, maana mwenye mti kesho atasema na ardhi ni yake. Huyu akaomba apande michungwa michache apate kivuli. Mume wangu akasema, "Panda tu, bwana." Ndugu zangu, nawaambia, kivuli gani kinapandwa kwa mistari?

Mume wangu akafariki. Nimetoka eda tu, mgeni akaniambia shamba lote ni lake, alipewa, na ushahidi ni michungwa. Lote! Mpaka bondeni nilikokuwa nalima chakula cha wanangu. Nikampeleka baraza la kata tusuluhishwe, akagoma. Nilirudi nyumbani nikashika panga ili niifyeke ile michungwa yote.

Dada akapiga simu wakati huohuo, nikamweleza. "Weka panga chini, uje Korogwe. Kuna wakili wa mambo ya ardhi." Mimi nilijua mawakili ni wa matajiri, lakini nikaenda.

Nikamkuta binti. "Shikamoo mama." Nikasema moyoni, tumekwisha, katoto haka! Mungu anisamehe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kulia, ndipo akasema, "Mama, ungekata miti ile ungeshtakiwa wewe. Na ukienda baraza la ardhi leo, watakurudisha. Shamba ni la marehemu. Kwanza ukoo ukae ukupendekeze, mahakama ya mwanzo ikuteue msimamizi wa mirathi." Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hilo. Tukalifanya.

Kisha akaniuliza, "Huyo mgeni akivuna, alikuwa akiwaletea chochote?" Nikashangaa. Nikamwambia ndiyo, kila mavuno alileta debe la mahindi, kama ilivyo kawaida yetu. Akaniambia nilete majirani walioona.

Siku ya baraza la ardhi, mgeni alisimulia michungwa mpaka tukachoka. Wakili wangu akasimama, mpole kabisa. "Mzee, yale mahindi uliyokuwa ukimpelekea marehemu yalikuwa ya nini?"

"Ya shukrani."

"Na mwenye shamba lake, hupeleka shukrani kwa nani?"

Mzee akatazama chini. Majirani nao wakaeleza walichokiona, na baraza likaamua shamba ni la marehemu. Mwenzenu nilikaa pale chini nikalia kama mtoto. Binti yule akanishauri nimwachie mzee avune machungwa yaliyokwisha komaa, tusibaki maadui. Nilinuna, lakini nilimtii.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wakili wangu, Mungu ampe maisha marefu. Nawashukuru majirani walioacha kazi zao wakaja kusema kweli, na huyu dada yangu, hata akinicheka.

Akina mama, msiache kukaribisha wageni, tutakuwa watu gani? Ila mkiazima shamba, azimeni mbele ya serikali ya kijiji, iandikwe. Na ukifiwa, nenda kwa wakili mapema, kabla hujashika panga.

Kuna mama humu ndani namwona anafuta macho tangu nilipotaja eda. Simtaji. Mama yangu, kikao kikiisha usiondoke. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda Korogwe.