Kornelia Akonaay Sulle, Mama wa Banda la Gemu (1966–2025)

Wasifu huu umeandaliwa na familia na kusomwa na mdogo wake, Modest Akonaay Sulle, Maretadu, Jumatano tarehe 25 Juni 2025

Ndugu, majirani na wote mliopanda hadi huku kumsindikiza dada yetu, poleni na asanteni. Kabla ya mengine, familia ina neno moja. Tulishauriwa, kwa nia njema, kwamba kwenye karatasi hii tuandike marehemu alikuwa "mfanyabiashara mdogo". Tumekataa. Marehemu alikuwa na banda la gemu. Watoto waliingia, wakashika pedi, wakacheza kwenye televisheni, na yeye alikaa mlangoni na sweta lake la kijani kuhakikisha hakuna anayeruka zamu. Mwenyewe hakuwahi kuionea haya kazi hiyo, na sisi hatutaanza leo mbele ya jeneza lake.

Kornelia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 hapa Maretadu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Akonaay Sulle na mama Fransiska, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alianza kubisha kabla hajaanza kutembea. Akitumwa kuchunga ndama, aliuliza kwanza kwa nini kaka zake wameachwa wamekaa. Akijibiwa vibaya, alikaa chini, na ndama wakabaki zizini. Mzee hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini mwisho alichoka, akawa anawatuma wote.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Hesabu alizipenda, kuimba alipenda zaidi, ila nafasi ya sekondari hakuipata. Mwaka 1984 alikwenda Mbulu mjini kujifunza kushona kwa masista, akamaliza mwaka 1986. Baadhi yenu mliokaa hapa mbele mmesoma kwa kaptura alizoshona yeye, na mfuko wa nyuma haukuwahi kuchanika.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Gidahosh Abel, kijana wa wafugaji wa uwanda wa Hanang, dereva wa lori la kubeba ng'ombe kutoka mnadani Katesh. Ukoo wetu ulinung'unika kwamba binti anaolewa na Mbarbaig. Ukoo wa kule nao ukanung'unika kwamba kijana wao anaoa Mwiraqw. Kornelia aliwajibu wote kwa pamoja, "Nyinyi endeleeni kunung'unika, mimi nahamia Jorodom." Huko Jorodom, mtaa wa Katesh, walijaliwa watoto wawili, Letisia na Abel. Miaka yote ya ndoa yao alimwomba mumewe amfundishe kuendesha lori, na kila mara Gidahosh alicheka akisema, "Mama Letisia, usukani si cherehani." Gidahosh alifariki mwaka 2011 baada ya kuugua. Lori likauzwa, na mke wake hakuwahi kuugusa usukani wake.

Marehemu alishona pale Katesh kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mitumba ikamaliza wateja. Mwaka 2014 mwalimu mmoja aliyekuwa akihama alimuuzia televisheni na mashine ya gemu, akafungua banda Jorodom. Masharti yake yalijulikana mtaa mzima: mwenye sare haingii saa za masomo, anayetukana anatoka, na zamu ni zamu hata baba yako awe nani.

Yeye mwenyewe alipenda gemu moja tu, ile ya kuendesha lori. Siku ya kwanza kuicheza, ng'ombe alikatiza barabara, naye akamgonga. Kornelia alilisimamisha lori, akaweka pedi mezani na kuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Bibi, hana mwenyewe! Songa mbele!" watoto walipiga kelele.

"Ng'ombe mnene hivi akose mwenyewe? Tutasubiri hapahapa. Mimi nimeolewa kwa wafugaji, nawajua."

Akasubiri. Magari ya nyuma yakapiga honi mpaka muda wa gemu ukaisha. Kuanzia siku hiyo aliendesha polepole, magari yote yakimpita, na hatukusikia tena kwamba amegonga ng'ombe wa mtu.

Mwezi Mei 2020 mjukuu wake Brightness, mtoto wa Letisia, alishikwa na nimonia kali akiwa na miezi saba. Hospitali hatuitaji jina, kwa sababu wauguzi wake walifanya walichoweza na wakalia pamoja nasi. Wodi ya watoto ilikuwa na mashine moja ya oksijeni, na siku ile watoto wawili waliihitaji. Wa pili alikuwa mtoto wa Sara, mama kijana kutoka uwandani. Ikabidi wapangiwe zamu. Brightness alipona, na leo yuko hapa na gauni lake jeupe. Mtoto wa Sara alifariki zamu ikiwa si yake.

Kornelia alirudi nyumbani akakaa bila kula na bila kusema, jambo ambalo familia ilikuwa haijawahi kuliona. Alipofungua mdomo alisema, "Gemu inasubiri zamu. Pumzi haisubiri." Kesho yake alianza kuzunguka mitaani akiulizia bei ya mashine ya oksijeni.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Lori la Watoto, mchango wa kununua mashine hiyo, mwezi Juni 2021. Gemu ile ya lori ilichezwa bandani siku tatu mfululizo bila kuzimwa, na kiti cha mchezaji hakikuruhusiwa kukaa wazi. Kila saa ilikuwa na mtu aliyeahidi kitu, mwingine debe la maharage, mwingine kuku, mwingine pesa kwa simu. Abel aliirusha mubashara mtandaoni, na ndugu walioko Arusha na Dodoma wakawa wanamcheka Kornelia anavyosimama kwenye taa nyekundu, huku wakichangia. Wazee watatu walikuja kumuuliza gemu inamponyaje mtoto.

"Shikamooni wazee wangu," aliwajibu bila kuinuka, maana ilikuwa zamu yake. "Mtu akiugua akashindwa kulima, si tunaingia shambani kwake, kila mmoja na jembe lake, huyu akichoka anapokea yule? Basi, hili ndilo jembe langu." Akawainulia pedi waione. Wawili waliondoka wamenuna. Wa tatu alivuta kigoda, akauliza breki iko wapi.

Sara naye alikuja mwaka ule. Alikaa saa yake yote, akaendesha, akaondoka. Amekuja kila mwaka. Baada ya michezo miwili mashine ya kwanza ilinunuliwa, ikaingia wodini mwezi Septemba 2022.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulishusha tope na mawe hadi Katesh. Kornelia alikuwa huku Maretadu kwenye sherehe ya jirani. Nyumba yake na banda vilifunikwa, na watu aliokuwa akiazimana nao chumvi tangu aolewe alikwenda kuwazika. Akiwa bado na tope viatuni, mtu mmoja alimwambia kwamba Mungu amelifunga lile banda la dhambi. "Tope limebeba na Biblia yangu," Kornelia alimjibu. "Nayo ilikuwa na dhambi gani? Na watoto wa jirani yangu je? Twende makaburini ukaniambie tena hayo, mbele ya mama yao." Mtu yule hakwenda. Kornelia alihamia chumba kimoja karibu na soko la Mbulu, akaazima televisheni, na Juni 2024 lori likaondoka kama kawaida.

Januari mwaka huu alianza kushindwa kumeza chakula. Vipimo vilionyesha kansa ya koo. Alitibiwa Mbulu na baadaye Moshi, akapungua mwili bila kupungua maneno. Daktari alipomshauri apumzike, alimuuliza kama anajua kwamba kazi yake yote ni ya kukaa kwenye kiti. Mwanzoni mwa Juni alilazwa tena Mbulu, na sisi ndugu zake tuliona safari inakaribia mwisho.

Mchango wa mashine ya pili ulikuwa umebaki kidogo kukamilika. Familia ilikaa kikao ikaamua mchezo wa mwaka huu uahirishwe. Alipopata habari alituita kitandani, sauti imebaki nyembamba. "Mkiahirisha kwa ajili yangu," alisema, "mtakuwa mmempa bibi wa miaka hamsini na nane zamu ya mtoto mchanga. Mimi sitaki hiyo zamu." Uamuzi wa kikao ukafutwa palepale.

Ijumaa tarehe 20 Juni lori likaondoka. Abel alibaki hospitalini na mama yake. Jumamosi saa nne asubuhi mgonjwa aliomba simu.

"Nani yuko kwenye kiti?"

"Mimi, mama," Letisia alijibu.

"Kuna ng'ombe barabarani?"

"Hakuna, mama. Barabara nyeupe."

"Haya. Usiinuke."

Haikufika saa tano, Abel akapiga tena. Mama alikuwa ametutoka.

Letisia hakuinuka. Alilia kwa sauti, machozi yakidondokea pedi, akaendesha polepole kama alivyofundishwa hadi saa yake ilipokwisha. Akina mama waliokuwa wakipika makande nje waliingia, wakasimama nyuma ya kiti wakilia naye. Ndipo Sara akamshika bega. "Nenda kwa mama, dada. Mimi nakaa." Akapokea pedi ikiwa imelowa.

Tangu siku ile maneno yamesemwa, sokoni na hata kwenye mlango wa kanisa, kwamba mama amelala mochwari na watoto wake wanacheza gemu. Tumeyasikia, na hatuyakanushi. Ndiyo, walicheza. Walicheza Jumamosi, wakacheza Jumapili, na Jumatatu asubuhi wakazima kwa sababu muda ulikuwa umetimia. Anayeona huo ni utovu wa adabu, ajue aliyeamuru ndiye huyu tunayemzika, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumshinda kwa kubishana. Mashada ya kununua pia aliyakataa, ndiyo maana jeneza lake mnaliona hivi. Mashine ya pili ilipanda basi kutoka Arusha, ikawashwa wodini jana Jumanne saa nane mchana. Muuguzi aliyetupigia simu alisema ilipata mtoto wa kumhudumia palepale, na mtoto wa kitanda cha pili hakunyang'anywa ya kwake.

Marehemu ameacha watoto wawili, Letisia na Abel, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake ambaye nimekuwa nikishindwa naye kwa maneno tangu utotoni. Ameacha shemeji zake wa uwandani, ambao wamefika tangu jana na hawanung'uniki tena. Amemwacha Sara, ambaye familia inamtambua kuanzia leo kuwa binti wa nyumba hii. Ameacha na watoto ambao majina yao hatuyajui, ambao wakati huu tunaposoma wanapumua kule wodini na hawamsubiri mtu.

Mungu akupokee, dada, akupe pumziko ulilokuwa ukilikataa. Zamu yako umeimaliza, na kwenye kiti kuna mtu.