Kura ya Mke Aliyetoka Ng'ambo ya Mto

Sabato njema, akina mama. Na nyinyi wazee wachache mliokaa pale nyuma karibu na mlango, sabato njema pia, msifikiri sijawaona. Mmesema mmekuja kusaidia kupanga viti. Viti vimepangwa tangu asubuhi.

Nimeombwa niseme Kiswahili, kwa sababu makambi ya kanisa ya mwaka huu yametuletea hapa Nyanchwa wageni kutoka Kericho na wengine ambao Kigusii kinawapita. Kiswahili changu ni cha sokoni, mnivumilie. Tena nimeambiwa nisitaje jina la mtu. Sitataja. Wanaojua watajua, na wasiojua hawatapungukiwa na kitu.

Nimesimama kwa sababu kura inakaribia tena. Kura iliyopita, ile ambayo wakubwa wengi wa nchi hii walianguka, ilinitoa nyumbani kwangu na kunitenga na watoto wangu. Sasa nasikia kuna vilima ambako maneno yale yale yameanza kusemwa. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Kwa ajili ya wageni nieleze kidogo. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake. Ukoo ule ule mnaogombana nao malisho ndio unaowaletea wake. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto, nikaolewa huku upande wa Marani. Ng'ombe wa mahari walivuka maji kwenda kwetu, nami nikavuka kuja huku. Kwa hiyo ukiingia katika boma lolote la kwetu, mwanamume ni wa ukoo ule, watoto ni wa ukoo ule, lakini mama anayepika pale ametoka kwa watu wengine.

Mbunge wetu siku zile alikuwa mtoto wa ukoo wa mume wangu. Tulimpenda, nisiseme uongo. Uhuru ulikuwa bado mpya na kila tuliloambiwa tuliliamini. Alisimama pale sokoni akatuambia tujenge zahanati kwa harambee, tufikishe kuta juu, naye atatuletea mabati na dawa. Sisi wanawake tukabeba mawe kutoka mtoni kwa kichwa. Mimi niliyabeba nikiwa mjamzito. Kuta zikafika kwenye madirisha, saruji ikaisha, mambo yakakwama hapo. Tukangoja. Maboga yakaota mle ndani, yakatambaa hadi mlangoni. Yalikuwa maboga matamu, tulikuwa tunakwenda kuyachuma. Mbunge mwenyewe tukawa tunamsikia kwenye redio.

Kura ilipokaribia alirudi, amenenepa, ametuletea sukari nyingi na mablanketi. Baba mkwe wangu akapewa koti zito la baridi, akawa ndiye mkubwa wa kampeni katika kilima chetu. Nawaomba mnielewe, baba mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesahaulika siku nyingi, halafu mtu mkubwa akaja akamwita mzee mbele za watu. Hilo linalewesha kuliko pombe, na pombe hakuwa akinywa.

Basi mzee akazunguka kilima chote akihesabu nyumba. Kila nyumba aliyoipita akaihesabu kuwa ni yetu, mume na mke. Akamwahidi mbunge kilima kizima. Mpinzani alikuwa kijana wa ukoo wa kule nilikozaliwa, na hata hivyo mzee hakujiuliza wale wanawake aliowahesabu wamezaliwa wapi. Hakuna aliyetuuliza tunaonaje. Tuliambiwa tu siku ya kura tutoke mapema na tuvae vizuri.

Tukatoka mapema, tukavaa vizuri. Nikapewa karatasi, nikaingia nyuma ya pazia peke yangu. Ndugu zangu, nawaambia, katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusimama mahali ambapo hakuna baba, hakuna mume, hakuna mzee, na naulizwa mimi ninataka nini. Nikaweka alama yangu, nikaikunja karatasi, nikatoka.

Siku ya matokeo mzee alichinja fahali kabla redio haijasema. Nyama ilikuwa imeshaanza kuchemka, watu wamejaa uani, na mchana redio ikatangaza kwamba mtoto wetu ameanguka. Hakuna aliyeamini. Wakasema redio imekosea, wakangoja irudie. Ikarudia. Ile nyama ililiwa kimya, maana nyama haitupwi. Nikamwona baba mkwe wangu amekaa na koti lake juani, jasho linamtoka, na hakulivua.

Jumapili yake wazee wakaketi. Wakahesabu upya, na sasa ndipo walipotukumbuka sisi. Mmoja akasema, "Wake. Wake wametuuza kwa ndugu zao." Ikaamuliwa kila mke aliyezaliwa ng'ambo ya mto aende penye mti wa omotembe, ule wa kulia viapo, aape mbele ya ukoo kwamba alimpigia kura mtoto wao. Wageni, kiapo hicho si mchezo. Tunakiita emuma. Kwa imani ya wazee wetu, ukiapa uongo hakikupati wewe, kinawapata watoto wako.

Mimi niliitwa wa kwanza, kwa sababu nilikuwa mke wa mtoto wa mkubwa wa kampeni. Nikasema siapi.

"Kwa hiyo hukumpigia," baba mkwe akasema.

"Sijasema nilimpigia wala sijasema sikumpigia. Nimesema siapi."

Mume wangu alikuwa amekuja likizo kutoka kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Akanivuta kando. "Mama watoto, apa tu, yaishe. Ni maneno ya dakika moja."

Nikamwambia, "Leo nikiapishwa kwa ajili ya kura, kesho nitaapishwa kwa ajili ya nini?"

Akaangalia chini. Nilimpenda mume wangu, na hadi leo nampenda, lakini siku ile aliangalia chini. Wazee wakasema nirudi kwa hao niliowapigia kura. Na nyote mnajua desturi. Ng'ombe wameshatolewa, watoto ni wa ukoo. Nikavuka mto na furushi la nguo zangu, watoto wangu watatu wamesimama nyuma ya ua wananitazama. Mdogo alikuwa ndio kwanza ameacha kunyonya.

Sasa mtacheka kidogo, na mimi ningecheka kama ningeweza. Kule kwetu nilipokelewa kwa vigelegele. Kaka yangu akanichinjia kuku. "Dada yetu hakusahau damu yake," akawaambia watu. Nikamwambia, "Kaka, hukuniuliza." Akacheka. Hakuna aliyeniuliza. Huku walikuwa wameshaamua nilimpigia nani, na kule wameshaamua. Tofauti ilikuwa ya chakula tu.

Mbunge mpya alikuja kushukuru, akaahidi daraja, akaondoka. Tukangoja. Wachache wenu mnalijua daraja hilo. Mvua zikaja zikaenda, na mto tuliendelea kuuvuka kwa miguu. Ndipo mashaka yakaniingia kabisa. Nikajiuliza, kama huyu wa kwanza alituacha na kuta, na huyu wa pili ametuacha na maneno, mimi nimepoteza watoto wangu kwa ajili ya nini? Nilifika mahali nikasema sitapiga kura tena. Hata kuomba niliacha. Nilikuwa nikienda sokoni Marani si kununua kitu, nikakae tu nimngoje mtu wa kilima chetu apite anipe habari za watoto. Siku moja mama mmoja akaniambia, "Mdogo sasa anasema vizuri. Bibi yake ndiye anamwita mama." Nilirudi njia nzima nikilia, sikuficha uso.

Huku nyuma, wanawake wengine waliapa. Siwalaumu. Mmoja wao alikuwa mke wa shemeji yangu, msichana tu, na mtoto wa kwanza mgongoni. Aliogopa kufukuzwa, akaapa. Haikupita muda mrefu mtoto akashikwa na homa. Wakampeleka hospitali ya Kisii kwa miguu, na ilikuwa mvua. Hawakufika naye.

Nilipopata habari sikumwomba mtu ruhusa. Nilivuka mto nikaenda kulia na mwenzangu. Nilifika watu wamekusanyika, vijana wamesimama na majembe. Yule msichana alikuwa chini anasema jambo moja tu: "Nimemuua mimi. Kiapo changu kimemuua." Hakuna aliyemwambia hapana, kwa sababu kuna waliokuwa wanaamini hivyo hivyo.

Mimi nilisimama nje ya ua. Mama mkwe wangu aliniona, akaja, akanishika mkono anipitishe langoni. Mzee akainuka. "Huyo haingii boma hili mpaka aape."

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa omong'ina wa kawaida, mama mzee wa kulima wimbi na kunyamaza. Aliachia mkono wangu, akatembea polepole hadi penye mti ule wa omotembe, ulikuwa pale pembeni mwa boma, akaketi chini na miguu yake ameinyoosha.

"Anza na mimi," akasema.

Mzee akamwambia, "Mama wa wanangu, inuka."

"Siinuki. Nilizaliwa wapi mimi? Si ng'ambo ya mto? Nimekuzalia watoto saba huku. Hukuniuliza nilimpigia nani. Niulize sasa, mbele za watu. Nami nikiapa, kiapo kikirudi kitawapata hao hao watoto wako."

Kisha mama mwingine mzee, jirani, akaenda akaketi karibu naye. Na mwingine. Wakawa safu ya bibi, wote wake za wale wazee walioketi kutuhukumu. Mama mkwe wangu akamgeukia yule msichana, na sauti yake ikabadilika. "Wewe, mwanangu, nisikilize. Mtoto wako hakuuawa na mdomo wako. Alikufa kwa homa, njiani, kwa sababu mahali pa kumtibu pako hapo chini na hapana paa. Mawe yale nilibeba. Nayajua."

Nilidhani mzee atampiga. Halafu akawaambia vijana, "Chimbeni, jua linapanda." Mama mkwe akarudi langoni akanishika mkono tena, nikaingia. Mtoto wangu mdogo aliniogopa. Alijificha nyuma ya bibi yake, akakaa huko kwa siku kadhaa. Hilo nalo lilinipata, nikalivumilia.

Kiapo hakikutajwa tena. Baba mkwe wangu hakuniomba msamaha, na mimi sikumdai. Lakini mvua zilipokwisha sisi wake tulikubaliana kila mmoja arudi kwao alikozaliwa akaombe. Mwingine kwao wana miti, mwingine kaka yake ni fundi, mwingine baba yake ana mabati, mabovu lakini bado mabati. Wakaja kutoka kila ukoo, wakaja hata kutoka Nyansiongo, kwa sababu dada zao na binti zao wako pale. Tuling'oa yale maboga, kuta zikapandishwa, paa likaezekwa. Siku ya kuezeka nilimwona baba mkwe anashikilia ngazi. Ngazi aliyopanda kaka yangu. Koti alikuwa ameliacha nyumbani.

Nawashukuru wale bibi walioketi chini. Wawili wako hapa mbele, msiwaangalie sana wataona haya. Namshukuru yule mwenzangu aliyefiwa, ambaye alinikubalia niseme habari yake leo. Namshukuru mume wangu, ambaye baadaye alijifunza kutoangalia chini. Mama mkwe wangu tulimzika mwaka jana, na nilimlilia kama mama aliyenizaa.

Somo langu ni dogo. Usimngoje mbunge akuonyeshe kuwa nchi hii ni yako. Huyu ataanguka, yule atapanda, na wote wawili wanaweza kukusahau. Hata hivyo nitakwenda kupiga kura safari hii, nitavaa vizuri, na nitaingia nyuma ya pazia peke yangu. Na najua tangu nianze kusema mnangoja jambo moja, hasa nyinyi wa pale mlangoni. Mnataka kujua siku ile nilimpigia nani. Mama mkwe wangu hakuniuliza hadi alipokufa, wala mimi sikumuuliza yeye. Nanyi sitawaambia.

Namalizia. Wewe binti uliyekaa karibu na nguzo unanyonyesha, nimeambiwa umeitwa mbele ya wazee Jumapili hii, ukaapishwe kwa ajili ya kura. Usitoroke, wala usiende mbio. Mnyonyeshe mtoto kwanza, umfunike vizuri, uje polepole. Utanikuta nimeshafika, nimeketi chini.